Mama yuko kwenye mofini ya kila baada ya saa kumi na mbili na Alhamisi anaingia thieta: kidonge cha asubuhi anywe au asinywe?

Mwana wa Kisauni

Wanajamvi habari za jioni, wakubwa zangu shikamooni.

Naandika kutoka Mombasa. Mamangu ana saratani ya matiti iliyoingia kwenye mifupa. Tangu mwanzoni mwa mwaka anatumia vidonge vya mofini vile vinavyotoa dawa polepole, vya rangi ya zambarau, miligramu 30. Kimoja saa moja asubuhi, kimoja saa moja jioni. Pia ana chupa ya mofini ya maji kwa ajili ya maumivu yanayozuka katikati. Vidonge hivyo vimemrudisha mtu kwetu. Kabla yake alikuwa halali, hali, hataki hata wajukuu wamguse. Sasa anakaa barazani, anachambua mchicha na kugombana na redio.

Picha ya mwezi huu imeonyesha mfupa wa paja la kulia umeliwa. Daktari wa mifupa amesema ukiachwa hivyo utavunjika siku moja akiinuka tu kitandani, kwa hiyo Alhamisi anawekewa chuma ndani ya mfupa.

Sasa nimepewa maneno matatu yasiyopatana. Sista wa wodi kasema kuanzia saa sita usiku asitie kitu mdomoni, hata dawa. Binamu yangu anayeuza duka la dawa kasema kinyume: asubuhi hiyo apewe dozi mara mbili, miligramu 60, ikae tumboni imlinde muda wote wa operesheni na usiku wake. Jirani naye, ambaye alimuuguza mumewe, kasema kidonge kisagwe, kichanganywe na asali kidogo, kifanye kazi upesi.

Sitaki tu kuambiwa anywe au asinywe. Nataka kuelewa kidonge hiki kinapita wapi kikishamezwa, kwa nini kinachukua saa zote hizo, na mtu akipigwa nusu kaputi tumbo linaendelea kukishughulikia au linalala pamoja naye. Kesho kutwa tunaonana na daktari wa usingizi na najua atakuwa na haraka. Nataka niingie mle ndani nikijua cha kuuliza.

Bi Usingizi, Morogoro

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Mimi ni muuguzi wa dawa za usingizi, kazi hii nimeifanya miaka mingi na sasa nimestaafu. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu umeuliza kitu ambacho hata wodini kinachanganywa.

Anza na kidonge chenyewe. Mofini ya kawaida, ile ya maji aliyonayo mama, ikifika tumboni imeshayeyuka tayari. Kwa kawaida ndani ya saa moja imefika kileleni kwenye damu, na baada ya saa nne hivi imeisha nguvu. Hiki cha zambarau ni mofini ileile. Tofauti ni kwamba imefungiwa ndani ya kitu chenye asili ya nta. Maji ya tumboni na ya utumbo yanapenya pole pole, yanayeyusha dawa, dawa inavuja nje kidogo kidogo. Kwa hiyo kilele chake kinakuja baada ya saa mbili hadi nne, na kinashika mpaka saa ya kidonge kingine. Mwili wa mama hauna upole wowote hapo, upole wote uko kwenye kidonge. Ndiyo maana wazo la jirani ni la hatari kweli kweli: ukikisaga umevunja ile nta, na dawa ya saa kumi na mbili inaingia ndani ya saa moja. Asali haina neno. Kinu ndicho kinachoua. Kisisagwe, kisitafunwe, kisikatwe.

Sasa njia. Mofini hainywewi na tumbo la chakula kwa kiasi cha maana, kwa sababu ya asidi iliyomo. Mlango wake ni utumbo mwembamba. Ni lazima tumbo lifunguke upande wa chini na kuisukuma dawa ivuke. Ikishavuka, inaingia kwenye mshipa unaokwenda moja kwa moja kwenye ini, na ini linaikata sehemu kubwa kabla haijafika popote pengine. Kwa wengi inayobaki kufika kwenye damu ya mwili mzima ni kama theluthi. Ndiyo sababu ukimwona daktari anageuza miligramu 30 za mdomoni kuwa 10 za sindano, usidhani amempunja mama.

Kaa hapo kwenye mlango wa tumbo, maana upasuaji unaugusa kuliko pote. Hofu inachelewesha tumbo kufunguka. Maumivu yanachelewesha. Mofini yenyewe inachelewesha, na inafunga choo pia, kama ulivyokwisha kuona. Nusu kaputi inalegeza utumbo wote. Operesheni ya tumboni ndiyo mbaya zaidi, utumbo unaweza kulala siku mbili tatu. Ya paja haifikii huko, ila mgonjwa mwenye hofu na maumivu anaingia thieta na tumbo lililosimama, iwe ni paja au jicho.

Wewe ni wa Mombasa, Likoni unaijua. Feri ikisimama, watu hawaachi kuja, wanajazana tu pale kwenye mteremko, na ikifungua wanashuka wote kwa pamoja. Kidonge hiki kikiwa kimekwama tumboni hakiachi kuvuja. Dawa inaendelea kutoka na kujikusanya mle mle tumboni. Mgonjwa anaamka thieta analia maumivu kwa sababu kwenye damu hakuna kitu, anapigwa sindano ya mofini, ya pili, labda ya tatu, anatulia. Saa tatu nne baadaye, yuko wodini, taa zimepunguzwa, tumbo linaamka na kumwaga mzigo wote utumboni. Sasa ana sindano zetu na kidonge chake vinakutana.

Nimeliona hilo kwa macho yangu. Baba mmoja wa makamo, operesheni ya ngiri, hajawahi kutumia mofini maishani. Alipewa kidonge cha polepole asubuhi kama dawa ya kutangulia. Alipoamka alilalamika sana, akapigwa sindano kama kawaida, kipimo hakikuwa na makosa. Usiku niliitwa. Nilimkuta amelala chali, anakoroma koromo la kukatika katika, nikahesabu pumzi kwa saa ya ukutani dakika nzima: sita. Mboni za macho zimebana kabisa. Nikamtikisa bega, akafungua macho, akasema "naam", akalala tena kabla sijaondoa mkono. Tulimpa naloksoni, dawa ya kuzima nguvu ya mofini, akaamka vizuri, ndugu zake wakashukuru Mungu, na baada ya kama saa moja akaanza kuzama tena. Naloksoni inafanya kazi nusu saa hadi saa moja na nusu hivi, na kidonge kilikuwa kinaendelea kuvuja. Ilibidi awekwe dripu ya naloksoni na mtu akae kando yake mpaka asubuhi. Alipona.

Kwa hiyo wazo la binamu yako naliheshimu, maana halikutoka hewani. Miaka ya 1980 Uingereza madaktari walilijaribu hasa, mofini ya polepole kabla ya operesheni badala ya sindano. Walipopima damu wakakuta dawa inachelewa kuingia, na hakuna anayeweza kusema kwa huyu itafika lini. Maumivu ya operesheni yanabadilika saa kwa saa. Yanataka dawa unayoweza kuiongeza sasa hivi na kuiacha sasa hivi. Kidonge kikishamezwa hakirudishwi.

Lakini mama yako si yule baba wa ngiri, na hapa ndipo sista alipokosea, kama kweli alimaanisha hata dawa hii. Mwili wake umezoea miligramu 60 kwa siku. Hizo hazitibu operesheni, zinamshikilia pale alipo. Ukimkatisha ghafla atafika thieta mifupa yote inawaka, na baadaye anaweza kuanza kutetemeka, jasho, tumbo kukata, moyo kwenda mbio. Kawaida yetu kwa mgonjwa wa namna hii ni kwamba anakunywa kidonge chake kilekile, kipimo kilekile, saa yake ileile, kwa funda dogo la maji. Mfungo wa upasuaji ni kwa ajili ya chakula: kigumu saa sita kabla, maji matupu saa mbili kabla. Funda moja la kumezea dawa halivunji kitu. Ila neno la mwisho ni la daktari wa usingizi atakayemlaza, na yeye pia anahitaji kujua kwamba tumbo la mtu wa mofini linachelewa kumwaga hata akifunga. Hilo linabadilisha namna atakavyolinda njia ya hewa.

Nenda ukamuulize haya: kidonge cha asubuhi kinyweke saa ngapi; cha jioni kinyweke kama ataweza kumeza au kitageuzwa sindano; nani atamwandikia dozi za maumivu ya ziada. Na figo zake zimepimwa lini? Usitoke mle bila jibu la figo.

Mfamasia Mwanza

Bi Usingizi kamaliza karibu kila kitu, mimi naongeza hilo la figo kwa sababu ndilo watu wanalolikuta limeshaharibika.

Ini likiikata mofini haliitupi. Linaigeuza kuwa vitu viwili. Kimoja, kilicho kingi zaidi, hakiondoi maumivu. Cha pili, mofini-6-glukuronidi, kinaondoa maumivu na kinalaza usingizi kama mofini yenyewe, na njia yake ya kutoka ni mkojo. Figo zikiwa nzima hakuna shida. Mgonjwa akikauka maji, akapoteza damu thieta, akapewa dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki au ibuprofeni zinazobana figo, kitu hiki kinabaki mwilini na kujikusanya. Unaona mtu analala kuliko dawa aliyopewa, na kila mtu anashangaa kwa sababu dozi haikubadilika. Kwa hiyo kipimo cha figo cha wiki hii, siyo cha miezi mitatu iliyopita.

Jambo lingine dogo. Vidonge vya polepole havifanani. Oksikodoni ya polepole kwa mfano, dawa nyingine ya jamii ya mofini, ile ya kwanza iliyopitishwa Marekani mwaka 1995, inaingia kwa hatua mbili: sehemu moja, zaidi ya theluthi, inaingia haraka, na iliyobaki inafuata pole pole. Tena ini haliikati sana kama mofini, kiasi cha asilimia 60 na zaidi kinafika kwenye damu. Ndiyo maana mtu hawezi kubadilisha hiki kwa kile miligramu kwa miligramu, hata kama vyote vimeandikwa saa kumi na mbili. Mwambie binamu yako hivyo kwa heshima.

Pombe nayo. Mwaka 2005 Marekani iliondolewa sokoni dawa moja ya jamii hii, Palladone, kwa sababu ikinywewa na pombe ile njia yake ya kuachia dawa taratibu ilivunjika na dawa ikamwagika yote. Najua mama hanywi, ila kuna dawa za kikohozi na za mitishamba zenye pombe ndani, na wagonjwa wanazipenda.

Na msishtuke siku mkiona kitu kama kidonge kwenye choo. Kwa baadhi ya vidonge hivi dawa hutoka, mwili wa kidonge ukabaki. Nimeletewa dukani kwenye karatasi na binti mmoja aliyekuwa na hakika baba yake hafyonzi chochote na alitaka kumwongezea dozi.

Mwana wa Kisauni

Bi Usingizi, mama, sina cha kukulipa. Hadithi ya yule baba nimemsomea binamu yangu kwa simu, akanyamaza, kisha akasema hatoi tena ushauri huo kwa mtu. Mfamasia nawe ahsante sana. Kumbe mama alikuwa anapewa diklofenaki na mtu wa mtaani kwa ajili ya mgongo, hata sikuwa nikijua. Nimeiondoa leo.

Swali moja limebaki. Kuna mtu katuambia badala ya vidonge tuombe ile plasta ya fentanili, dawa nyingine ya jamii ya mofini, ya kubandika kifuani, kwamba haipiti tumboni kwa hiyo mambo yote haya ya feri hayapo. Ni kweli?

Nesi wa Thieta, Uingereza

Salaam kutoka huku, ndugu yangu. Mimi mwenyeji wa Unguja, nafanya kazi thieta hospitali ya huku.

Ni kweli haipiti tumboni wala haikatwi na ini mara ya kwanza. Lakini ina polepole yake nyingine. Fentanili inapita kwenye ngozi na kujiweka kwanza kwenye mafuta ya chini ya ngozi, halafu ndiyo damu inaichota kutoka humo. Ukiibandika leo, kiwango cha maana kwenye damu unakipata baada ya saa 12 hadi 24. Ukiibandua, ile iliyokwisha kuingia chini ya ngozi inaendelea, na inachukua kama saa 17 au zaidi kushuka nusu. Kuianza siku mbili kabla ya operesheni ni kosa baya zaidi kuliko la kidonge. Ni dawa ya maumivu yaliyotulia, siyo ya kisu.

Kwa anayekuja tayari ameibandika, kwetu mara nyingi tunaiacha. Tunachokiogopa ni joto. Thieta kuna blanketi la hewa ya moto la kumkinga mgonjwa na baridi, na ngozi ikipata moto fentanili inaingia kwa kasi. Kwa hiyo natazama kwanza plasta iko wapi, mara nyingi ni mgongoni au juu ya mkono, naandika kwenye karatasi ya thieta na blanketi halipiti juu yake. Ukiwa na mtu nyumbani mwenye plasta, chupa ya maji ya moto nayo ni hivyo hivyo.

Kuhusu kidonge cha polepole kwa maumivu ya operesheni, huku mambo yamebadilika. Zamani ilikuwa kawaida kabisa, magoti na nyonga wote walipewa. Australia na New Zealand chuo cha madaktari wa usingizi kilitoa tamko mwaka 2018 kwamba vidonge hivi visitumike kwa maumivu ya ghafla. Hapa Uingereza, Machi 2025, mamlaka ya dawa iliondoa kabisa maumivu ya baada ya operesheni kwenye matumizi yanayoruhusiwa ya vidonge hivi. Sababu mbili walizozitaja: kupumua kunakosinyaa, na watu kutoka hospitali na pakiti mkononi wakashindwa kuziacha. Hilo haliwahusu wagonjwa kama mama, ambao walikuwa nazo kabla. Wao wanaendelea na zao.

Mwana wa Kisauni

Tumetoka kwa daktari wa usingizi. Alipoona nina maswali kwenye karatasi alivuta kiti akakaa, Mungu ambariki. Figo zimepimwa leo asubuhi, ziko sawa. Kidonge cha zambarau atakunywa saa moja asubuhi kama siku zote, kwa funda la maji, na kaandika kwa wino kwenye faili ili wodi wasikizuie. Atachomwa ganzi ya mgongo badala ya nusu kaputi. Cha jioni atakunywa akiwa hatapiki. Akitapika, watampa kwa sindano theluthi ya kile ambacho angekinywa, wakiigawa kidogo kidogo. Maumivu ya ziada atapewa kwa dozi ndogo ndogo za haraka. Sista wa wodi naye alikuwepo, akasema yeye alizoea kuwaambia wote neno moja ili mtu asije akala uji kwa siri. Nimemwelewa.

Usiku wa kwanza nitalala naye mimi. Niangalie nini?

Bi Usingizi, Morogoro

Alhamdulillahi, mmepata daktari.

Hesabu pumzi, dakika nzima, siyo nusu dakika kuzidisha mara mbili. Hesabu akiwa amelala na bila yeye kujua, maana mtu akijua anahesabiwa hupumua vingine. Zikiwa chini ya kumi ita muuguzi, zikiwa nane au chini usiite kwa upole. Lakini usisubiri pumzi peke yake, usingizi hutangulia. Mwite jina lake kila unapomhesabu. Akikujibu na kukuuliza kwa nini unamsumbua, mwache alale. Akikujibu neno moja na kuzama kabla hajamaliza, ita hata kama pumzi ni kumi na mbili.

Koromo jipya lisilo lake, ita pia. Ndugu wengi hufurahi kusikia mgonjwa anakoroma wakidhani amepumzika.

Kama ganzi ya mgongo wameichanganya na mofini, muulize daktari wazi wazi kabla hajaondoka, kwa sababu ile ya mgongoni inaweza kubana pumzi kwa kuchelewa, mpaka saa 24, na katika hali hiyo nitataka awe na kifaa cha kupima oksijeni kidoleni usiku kucha. Na ile chupa ya mofini ya maji ya nyumbani iache nyumbani. Usiku huo dawa zote zitoke kwenye mkono mmoja, wa muuguzi, na ziandikwe. Hata akikuomba mama kwa machozi usimpe cha kwako, mwite aliye zamu aje ampe cha kwake.

Ijumaa uje utuambie ameamkaje.